Namna ya Kusoma Mchoro wa Mandhari ya Mashambani wa Mtindo wa Naivu: Mwongozo Kamili

Tafsiri nyingi za michoro ya aina hii hukwama mahali pamoja. Mtu anatazama kilima cha kijani, ng'ombe wanne, nyumba yenye paa jekundu na mto uliotulia, kisha anaandika: "Mchoraji anatuonyesha maisha ya amani ya shambani." Akiombwa aongeze neno, anasema rangi zinavutia. Akibanwa zaidi, anasema hata mtoto angeweza kuuchora. Baada ya hapo hana la kusema.

Tatizo si uvivu. Mchoro wa naivu hujionyesha wote kwa mara moja, kwa hiyo macho hudhani yamekwisha kuona kila kitu. Dawa yake ni kuusoma kwa kuhesabu. Mchoraji aliyefunzwa kuchora mandhari husimama mahali pamoja na kuchora kinachoonekana kutoka hapo. Mchoraji wa naivu, mara nyingi, huchora anachojua kwamba kipo: kila ng'ombe, kila dirisha, kila mti wenye matunda, hata vile ambavyo jicho lisingeviona kutoka mahali hapo. Kazi yake inafanana na daftari la mali kuliko dirisha. Ukiishika hoja hiyo, mambo yaliyoonekana kuwa makosa yataanza kukupa habari.

Kwa "naivu" nina maana ya kazi ya mtu asiyepita shule ya sanaa, au aliyepita akaamua kuchora kana kwamba hakupita. Mistari ya pembeni ni mikali, rangi zimelala bapa, na majani ya mti ulio mbali yamechorwa kwa makini yale yale ya mti ulio karibu.

## Vitu vya kuandaa

- Nakala nzuri ya mchoro, unayoweza kuikuza mpaka uone mikono ya mtu mdogo kuliko wote. Makumbusho kubwa nyingi huweka picha za ubora huo mtandaoni. Kipicha cha ukubwa wa kidole gumba hakifai, kwa sababu habari nyingi za mtindo huu zimo kwenye vitu vidogo.
- Karatasi kadhaa, penseli na rula.
- Karatasi ya kunakilia inayopitisha nuru, kama nakala yako imechapwa.
- Simu au kompyuta inayoweza kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe.
- Maelezo ya mchoro: jina la mchoraji, mwaka wake wa kuzaliwa, mwaka wa mchoro, kitu alichochorea na vipimo. Yaandike kwenye karatasi yake, kisha uifunike mpaka hatua ya 7.
- Kama saa moja isiyo na haraka.

Kamusi ya alama, ile inayosema njiwa ni amani na nyekundu ni mapenzi, iache ilipo. Sababu utaikuta kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Orodhesha vitu bila sifa

Chukua karatasi ya kwanza uandike majina ya vitu vyote unavyoviona. Majina tu. "Ng'ombe", si "ng'ombe wapole". "Nyumba", si "nyumba ya kupendeza". Anza kona ya juu kushoto, nenda kulia, shuka, rudi kushoto, mpaka ufike chini. Usianze na kitu kilichokuvutia, maana ukianza nacho utabaki nacho.

Sifa zinazuiwa kwa sababu ndiyo njia ambayo hukumu hupenyea. Ukiandika "mto tulivu" umekwisha kutafsiri kabla ya kuangalia, na kila kitakachofuata kitatafutwa ili kiunge mkono utulivu huo.

Kwenye vitu vinavyojirudia, weka idadi. Ng'ombe wanne, kondoo kumi na mmoja, madirisha sita, milango miwili. Idadi hizi utazihitaji baadaye, kwa hiyo usiandike "wengi".

Tahadhari: usiruke vitu usivyovijua. Andika umbo lake: "kitu cha mviringo cha kahawia karibu na ghala". Mara nyingi kitu hicho ndicho chombo cha kazi kitakachokueleza kinachofanyika pale.

Utajua umefanikiwa ukiwa na orodha iliyovuka vitu ishirini na ndani yake kuna angalau kimoja ambacho hukukiona ulipoutazama mchoro mara ya kwanza. Kama hakuna, rudia ukianzia kona ya chini kulia.

## Hatua ya 2: Pima kwa rula

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayolipa kuliko zote.

Pima urefu wa mtu mmoja aliyesimama. Pima ng'ombe, mlango, mti, nyumba, ndege kama wapo. Viandike kwa mpangilio, kutoka kikubwa hadi kidogo. Kisha tengeneza orodha ya pili ya vitu hivyo hivyo kwa ukubwa ambao vingekuwa nao duniani, ukizingatia umbali. Linganisha orodha mbili. Pale zinapopishana, weka alama.

Kupishana huko si ajali kila mara. Alfred Wallis, aliyekulia kwenye kazi za bahari na kuchora mjini St Ives, Uingereza, kwenye vipande vya kadibodi na kwa rangi za kupaka mashua, hakujali kama boti na nyumba zinalingana kwa ukubwa. Kwake chombo muhimu kilikuwa chombo kikubwa. Ben Nicholson na Christopher Wood, wachoraji waliosomea kazi hiyo, walipokutana na michoro yake mwaka 1928, jambo hilo liliwagusa hasa: ukubwa unaotokana na uzito wa kitu moyoni, si umbali wake na jicho.

Kwenye mandhari ya mashambani kanuni hiyo huwaangukia wanyama kwanza. Ng'ombe dume akiwa mrefu kuliko mlango wa nyumba ya mwenye shamba, jiulize nani ndiye mwenye cheo katika mchoro huo.

Lakini kuna mtego. Ukubwa unaweza kutokana na namna ya kazi. Anna Mary Robertson Moses, mkulima wa jimbo la New York anayejulikana zaidi kama Grandma Moses (1860–1961), alikata picha za watu na wanyama kwenye magazeti na majarida akazitumia kama vielelezo, akinakili umbo moja hapa na jingine pale. Umbo lililonakiliwa huja na ukubwa wake. Ili kutofautisha, angalia kundi zima. Kama ng'ombe wote ni wakubwa kupita kiasi, huenda ni uzito. Kama ni mmoja tu, na mstari wake wa pembeni ni mkali kuliko wa jirani zake, huenda alinakiliwa, na usijenge hoja nzima juu yake.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Katika mchoro huu, kitu fulani kimepewa ukubwa usio wake, na kitu fulani kimepunguzwa."

## Hatua ya 3: Tafuta jicho limesimama wapi

Weka karatasi ya kunakilia juu ya mchoro, au chora kijisanduku chenye umbo lake, kisha uchore mistari mikuu tu: upeo wa macho, kingo za vilima, barabara, mto, uzio, nyumba. Hakuna majani wala watu.

Sasa pitia kila kitu ukijiuliza: hiki ninakiona kutoka juu, kutoka mbele, au kutoka ubavuni? Weka herufi J, M au U. Katika mchoro wa aliyefunzwa herufi zitakubaliana. Katika mchoro wa naivu zitagombana. Shamba lililolimwa litakuwa na J, kwa sababu mchoraji alitaka kila tuta lionekane. Nyumba itakuwa na M na U kwa pamoja, maana ameonyesha mbele na ubavu bila kupunguza chochote. Ng'ombe watakuwa na U, kwa kuwa ubavuni ndiko ng'ombe anakotambulika: pembe, nundu, kiwele, mkia.

Sababu ni ile ile ya daftari. Kila kitu kimechorwa kutoka upande unaotoa habari nyingi zaidi kukihusu. Kwa hiyo usiandike "mchoraji ameshindwa kuonyesha umbali". Andika ni habari gani ingepotea kama angeuonyesha.

Angalia pia upeo uko juu kiasi gani. Ukiwa juu sana, ardhi imepewa nafasi kubwa na mbingu imebanwa, nao mchoro ni wa ardhi: mipaka, mazao, njia. Ukiwa chini, mbingu na hali ya hewa zina kauli zaidi. Kisha fuata barabara kwa kidole. Inaanzia nje ya mchoro au ndani? Inafika mlangoni, inapita tu, au inapotelea nyuma ya kilima? Barabara inayoingia lakini isiyotoka ni jambo la kuandika.

Mpangilio wa kuchora nao unaacha alama. Moses alikuwa akianza juu: mbingu, kisha milima, vilima, miti, nyumba, mwisho wanyama na watu. Watu wake wamewekwa juu ya nchi iliyokwisha kukamilika, na ndiyo maana mara nyingi wanaonekana kama wamemwagwa juu ya theluji. Ivan Generalić (1914–1992), mkulima wa kijiji cha Hlebine nchini Kroatia, alichora michoro yake mingi nyuma ya kioo. Kwenye kioo kazi hugeuka: vitu vya mbele na mapambo madogo kabisa huchorwa kwanza, mbingu huja mwisho, na kilichokosewa mwanzoni ni vigumu kukirekebisha. Ukali ule wa kila jani la Hlebine unatokana kwa sehemu na ulazima huo.

Utajua umefanikiwa kijisanduku chako kikiwa na angalau aina mbili za herufi, nawe unajua kwa nini.

## Hatua ya 4: Rangi na mwanga

Igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Vitu ambavyo bado vinajitokeza ni vile ambavyo mchoraji amevitenga kwa weupe na weusi. Vile vilivyotoweka vilikuwa vinategemea rangi peke yake. Ukipata kwamba nyumba inabaki na watu wanapotea, umepata jambo la kufuatilia.

Kisha tafuta vivuli. Mara nyingi hutavikuta, au utavikuta chini ya mti mmoja na vingine hakuna. Bila vivuli hakuna saa: mchoro haujulikani ni asubuhi au alasiri. Jambo hilo linabadilisha tafsiri, kwa sababu kisicho na saa kinasomeka kama desturi ("hivi ndivyo inavyokuwa hapa"), si kama tukio ("hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile").

Kabla ya kutoa maana ya rangi yoyote, uliza ilitoka kopo gani. Niko Pirosmani (1862–1918) wa Georgia, aliyechora mabango ya vilabu vya mvinyo mjini Tbilisi, alitumia sana kitambaa cheusi kilichopakwa mafuta, na mahali palipohitaji weusi aliuacha ulivyo. Mtu asiyejua hilo ataandika ukurasa mzima juu ya huzuni ya weusi wake. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960, alitumia hadibodi (ubao bapa wa unga wa mbao ulioshindiliwa) na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Ubapa na mng'ao wa kazi zake ulianzia kwenye kopo kabla ya kuwa mtindo.

Tahadhari: alama zina kazi yake, ila chanzo chake lazima kiwe karibu na mchoraji. Edward Hicks (1780–1849), mhubiri wa Quaker (dhehebu la Kikristo linalopinga vita) wa Pennsylvania, Marekani, aliyejipatia riziki kwa kupaka rangi magari ya farasi na mabango, alichora simba, chui, mwana-kondoo na mtoto wakiwa pamoja katika matoleo zaidi ya 60 ya mchoro mmoja. Pale alama ni halali, kwa sababu maneno yanayozibeba yamo katika Isaya 11, kitabu alichokihubiri. Simba huyo huyo kwenye mchoro wa mtu mwingine anaweza kuwa simba tu.

## Hatua ya 5: Nani anafanya kazi gani, na ni majira gani

Hapa ndipo mchoro wa mashambani unapoanza kusema kweli, kwa hiyo usiharakishe.

Rudi kwenye orodha ya hatua ya 1, utoe watu wote. Kwa kila mmoja andika anachofanya mikono yake. Si anachohisi. Anabeba, anakata, anakamua, anaelekeza kidole, amepumzika, amekunja mikono. Kisha uwagawe: wanaofanya kazi, wanaosimamia, wasiofanya chochote. Angalia kama mgawanyo huo unalingana na kitu kingine: mavazi, ukubwa uliopima, nafasi waliyopewa. Mara nyingi utakuta mwenye kofia ndefu amesimama karibu na uzio, mikono mitupu, na mwenye jembe yuko mbali na ni mdogo. Hapo "amani ya shambani" imepata mwenyewe.

Sasa majira. Tafuta ushahidi wa aina tatu: mimea (imechanua, imeiva, imevunwa), wanyama (wana ndama au wana-kondoo, wamekatwa manyoya), na kazi yenyewe (kulima, kupanda, kuvuna, kukata kuni). Kama ushahidi unakubaliana, mchoro una wakati mmoja. Kama mtu analima upande wa kushoto na mwingine anavuna upande wa kulia kwenye shamba la aina ile ile, usiite kosa. Huenda mwaka mzima umewekwa juu ya ubao mmoja, na hilo ni jibu kwa swali la mchoro ni wa nini.

Mipaka nayo ni kazi ya mtu. Uzio unazuia nani? Unawazuia mifugo wasitoke, au watu wasiingie? Je, una lango, na lango liko wazi? Wachoraji wa naivu huchora uzio kwa subira ya ajabu, ubao kwa ubao, na sioni sababu ya msomaji kuupita kwa haraka kuliko wao walivyouchora. Hesabu uzio ni ngapi na kila mmoja unazunguka nini. Kwa kawaida utapata ramani ya umiliki bila kuambiwa na mtu.

Tahadhari: usiwape watu hisia ambazo nyuso hazina. Nyuso za mtindo huu mara nyingi ni nukta mbili na kistari. "Wanafuraha" ni neno unaloliongeza wewe. Kama unadhani ipo, ionyeshe kwenye mwili: mikono iliyoinuliwa, miguu inayocheza, watu waliosogeleana.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumweleza mtu asiyeuona mchoro ni nani anamfanyia nani kazi, au kwa nini haiwezekani kujua.

## Hatua ya 6: Orodhesha wasiokuwepo

Chukua karatasi mpya. Andika vitu ambavyo shamba la namna hiyo lingekuwa navyo lakini humu havimo. Matope. Mzee mgonjwa. Samadi. Mashine. Mtoza kodi. Mnyama aliyekufa. Watoto, au wanawake, kama hawapo.

Daftari huwa na ukurasa wa visivyoandikwa, na uteuzi huo una maana. Moses aliacha nje matrekta na nguzo za simu, ingawa wakati anachora, miaka ya 1940 na 1950, vilikuwa vimeenea. Henri Rousseau (1844–1910), karani wa ushuru mjini Paris, alifanya kinyume: katika mandhari yake ya daraja la Sèvres ya mwaka 1908 aliweka angani puto, ndege ya mabawa mawili na chombo kirefu cha gesi, vyote kwa pamoja juu ya mto na miti. Wote wawili huitwa wachoraji wa naivu. Mmoja anaufungia mlango wakati wake, mwingine anaukaribisha kwa mbwembwe. Tafsiri inayowaweka kapu moja chini ya neno "usahili" haijatazama angani.

Hatua hii ina hatari moja kubwa: orodha ya visivyokuwepo haina mwisho. Hakuna kifaru pia. Bakiza tu kitu ambacho kimeachiwa nafasi yake: barabara bila msafiri, meza bila mlaji, kibanda cha mbwa bila mbwa. Bakiza pia kile ambacho unaweza kuonyesha kwamba mchoraji alikifahamu.

## Hatua ya 7: Sasa funua maelezo

Soma jina, mwaka, kitu alichochorea, vipimo. Umesubiri mpaka sasa kwa sababu habari za maisha ya mchoraji zina nguvu ya kupofusha. Ukijua mapema kwamba ni bibi mkulima, utaona ubibi kila mahali.

Fanya hesabu moja: toa mwaka wa kuzaliwa kutoka mwaka wa mchoro, kisha ulinganishe na wakati unaoonekana ndani ya mchoro. Moses alianza kuchora kwa bidii akiwa amevuka miaka sabini. Magari ya farasi kwenye kazi yake ya miaka ya 1940 yanatoka utotoni mwake, karne ya 19. Kati ya mkono na kinachochorwa kuna pengo la zaidi ya nusu karne. Mchoro wa namna hiyo unasomwa kama kumbukumbu iliyochujwa, hata kama jina lake linataja mahali halisi.

Kisha uliza nani aliutaka. Mchoro ulioagizwa na mwenye shamba una sababu ya kuonyesha ghala limejaa. Ule uliochorwa kwa ajili ya kikundi chenye msimamo una sababu nyingine. Generalić alianza kuonyesha kazi zake mwaka 1931 pamoja na Zemlja, kikundi cha wasanii cha Zagreb, kilichojali hali ya wakulima na kikapigwa marufuku mwaka 1935. Michoro yake ya miaka hiyo ina umaskini na magomvi ya kijijini, wakati kazi zake za baadaye zimejaa zaidi ndoto na maajabu. Mkono ule ule, kijiji kile kile, mwaka tofauti. Usitafsiri mchoro wa 1934 kwa macho ya 1959.

Swali la mwisho hapa ni kama mchoraji alijifundisha au alichagua kuchora hivyo. Krsto Hegedušić, aliyemtia moyo Generalić, alikuwa amesomea sanaa Zagreb, na bado alichora wakulima kwa maumbo mazito na rangi bapa. Kwa mtu kama yeye, kila kanuni iliyovunjwa ilijulikana kwanza, kwa hiyo una haki ya kuuliza inapinga nini. Kwa aliyejifundisha, uliza inahifadhi nini.

Tahadhari: neno "asiye na hatia" lipigwe marufuku kwenye karatasi yako. Hicks alikuwa fundi wa miaka mingi. Rousseau alipeleka kazi zake kwenye maonyesho ya Paris mwaka baada ya mwaka, na misitu yake yenye chui aliichora bila kutoka Ufaransa, akisaidiwa na mimea ya bustani za jiji. Walijua wanachofanya.

## Hatua ya 8: Andika dai moja, kisha ulishambulie

Tafsiri ni sentensi moja yenye "kwa sababu". Ichukue kutoka kwenye mahali ambapo hatua mbili au tatu zimekubaliana, si kwenye hatua moja iliyokufurahisha.

Chukua mfano wa shamba la Cornell, mchoro wa Hicks wa mwaka 1848 ulioko National Gallery of Art mjini Washington. Sehemu ya mbele wamejipanga mifugo, wengi wakionyesha ubavu (hatua ya 3). Wanyama ndio waliopewa nafasi kuliko watu (hatua ya 2). Nyuma yao kuna majengo, uzio na mashamba. Maandishi ya chini yanamtaja mwenye shamba, James C. Cornell, na tuzo aliyopata kwenye jumuiya ya kilimo Oktoba mwaka huo (hatua ya 7). Dai linaweza kuwa hivi: "Mchoro huu ni hesabu ya mali kabla ya kuwa picha ya mahali, kwa sababu wanyama wengi wameonyeshwa kutoka upande ambao mpima mifugo angesimama."

Hilo ni dai zuri. Linaweza kukataliwa, na ndiyo maana lina thamani. "Mchoro unaonyesha maisha ya shambani" haliwezi kukataliwa na mtu yeyote, kwa hiyo halisemi kitu.

Sasa lishambulie. Tafuta ndani ya mchoro kitu kinacholipinga. Mbingu ni pana mno kwa hesabu ya mali, na maandishi yenyewe yanataja majira ya vuli yenye jua kabla ya kutaja tuzo. Tena mkono huu ndio uliochora simba na mwana-kondoo zaidi ya mara 60: kwa Hicks, wanyama waliosimama pamoja bila kudhuriana hawakuwa jambo dogo. Mtu anaweza kudai kwamba aliona katika shamba la Cornell ahadi ya Isaya ikiwa imetimia kwa kiasi chake. Mimi naelemea upande wa hesabu, kwa sababu ya maandishi na mstari wa mifugo, lakini tafsiri ya pili ina miguu na ningeipa aya yake.

Ukiandika insha, mpangilio unaofanya kazi ni huu: dai, ushahidi wa ukubwa, ushahidi wa jicho na mpangilio, ushahidi wa kazi na mipaka, kisha kipingamizi chenye nguvu kuliko vyote, na sababu ya kukipokea au kukikataa. Rangi ziingie pale tu zinapobeba ushahidi. Maisha ya mchoraji yasizidi aya moja.

Dai likigoma kusimama, usiongeze maneno. Rudi kwa mpangilio huu: kwanza hatua ya 2, maana vipimo vilivyokisiwa ndivyo chanzo cha madai mengi yanayoanguka, kisha hatua ya 5, uangalie tena mikono ya watu. Kama bado huna kitu, jaribu kuufunika mchoro kwa karatasi na kuacha robo moja tu wazi, robo baada ya robo. Robo ambayo ukiiondoa mchoro unabaki vile vile, iache. Ile ambayo ukiiondoa kila kitu kinabadilika, anzia hapo upya.